Kutaja jina la msanii si kuomba ruhusa

Kando ya barabara ya Kavumu, inayoteremka toka uwanja wa ndege kwenda Bukavu, vijana wenye kompyuta na spika hujaza nyimbo na filamu kwenye kadi za memori za wateja kwa franka chache. Ukiuliza habari ya ruhusa, utajibiwa kwamba jina la msanii limo kwenye kila faili. Jibu ni hilohilo kwenye sekretaria publiki, yaani kibanda cha kuchapa na fotokopi, silabasi nzima ya profesa inapotolewa fotokopi: jina lake liko kwenye jalada.

Hapo haki mbili zinachanganywa. Ordinansi-sheria ya Kongo namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inampa mtungaji haki ya kutambuliwa, jina lake lisifutwe wala kazi yake isiharibiwe. Inampa pia haki ya mali: ni yeye anayeamua nani anakili, nani auze, na kwa bei gani. Kuandika jina kunatimiza ile ya kwanza tu. Ya pili hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo hata mjane na watoto wana madai. Wala mtungaji halazimiki kuandikisha kazi popote ili alindwe. Mkataba wa Berne, ambao Kongo imo, unasema hivyo waziwazi.

Mashtaka ya jinai yanahitaji nia mbaya: mtu awe amenakili kwa hila, huku akijua. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi mwaka 1, au faini, au vyote viwili. Faini hizo ziliandikwa kwa zaire, pesa ambayo haitumiki tena, na hilo linaniuma: sheria inayolinda jasho la watu imeachwa ichakae.

Lakini asiyekuwa na hila asidhani amepona. Kwa vifungu vya 258 na 259 vya kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, hata uzembe unaomtia mwenzako hasara unakudai fidia. Na fidia ndiyo inayouma. Mfano ni wa Tanzania, yenye sheria yake: mwaka 2016, mahakama ya wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii MwanaFA na AY shilingi bilioni 2.16 kwa kutumia nyimbo zao kama milio ya simu bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa, lakini kila mfanyabiashara aliona ukubwa wa dai.

Mtungaji aliyeibiwa atunze rasimu zenye tarehe, anunue nakala moja haramu kama ushahidi, kisha aandike barua ya madai kabla ya kwenda mahakamani. Hapa Kongo, SOCODA, shirika lililochukua nafasi ya shirika la zamani la SONECA mwaka 2011, ndiyo yenye kazi ya kukusanya malipo ya watungaji. Mwenye kibanda naye aombe ruhusa kwa maandishi: kazi ipi, kwa matumizi gani, kwa muda gani, kwa kiasi gani. Ruhusa ya mdomo ni vigumu kuithibitisha mbele ya hakimu.