Nyumba Iliyouguliwa

Mtu aliyekulia katika mabonde ya mpunga ya Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, hahitaji kuelezwa sura ya mundu, kwani ameushika tangu utoto wake, ameuona ulivyopinda kama mwezi mwandamo, na huenda umemwachia kovu kidoleni. Kwa sababu hiyo, wataalamu walipoyaita maradhi ya selimundu yale ambayo wengi wetu huyaita sikoseli, walimpa mkulima huyo nusu ya maelezo kabla hajavuka kizingiti cha tabibu. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo, ni laini, hupita katika mishipa myembamba kuliko unywele bila kukwama, na huishi siku 120 hivi. Lakini chembe ya mgonjwa wa selimundu hupinda, hukakamaa, hunasa pamoja na nyingine mahali mshipa unapokuwa mwembamba, na aghalabu hufa kabla ya siku 20 kutimia. Pale zinaponasa, kiungo kilicho mbele yake hukosa hewa, nacho hulia kwa maumivu. Na kwa kuwa zinakufa upesi, mwili hauwahi kuzifidia, basi mtoto huishi na upungufu wa damu na macho yenye umanjano.

Maradhi haya si mgeni katika Kanda ya Ziwa. Wataalamu wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao, walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 walikuta kwamba mtoto mmoja takriban katika kila watano amerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ilhali watoto 12 katika kila 1,000 wameirithi kutoka kwa wote wawili na hivyo ni wagonjwa. Mwenye kuketi ibadani siku ya Jumapili au Ijumaa, akahesabu mabega yaliyo mbele yake moja hata matano, ataelewa kuwa jambo hili liko ndani ya jamaa zetu, wala halikuchagua nyumba ya mtu mbaya.

Taabu yenyewe huja kwa hila. Mtoto huzaliwa mzuri, hunyonya, hunenepa, na wazazi wakashukuru, kwa kuwa miezi sita hivi ya mwanzo damu yake bado ina himoglobini (kibeba-hewa cha chembe nyekundu) ile ya tumboni mwa mama, nayo haipindishi chembe. Kisha himoglobini hiyo ikipungua na ile ya selimundu ikishika nafasi, vidole vya mikono na miguu huvimba ghafla, mtoto akalia usiku kucha, na mama asijue ni mdudu, ni jicho la mtu, au ni baridi. Baada ya siku kadhaa uvimbe hutoweka. Baada ya wiki au miezi, hurudi mahali pengine: mgongoni, kifuani, magotini. Hapo nyumba huwa imeuguliwa, na kuuguliwa, kama Kiswahili chenyewe kinavyotuonesha kwa kulitenga neno hilo na kuugua, ni maradhi ya wale wasiougua.

Katika miaka niliyowahudumia wagonjwa nimejifunza kwamba maumivu ya mtoto hufuatwa na maradhi ya pili, ambayo hayaonekani kwa darubini, nayo huanza kwa neno moja: nani? Nani amemfanyia mtoto huyu? Mama mkwe humtazama mkwewe, mume husikiliza maneno ya baraza, nfumu, yaani mganga wa jadi, huulizwa, na aghalabu kidole huishia kwa mwanamke: ama mama aliyezaa, ama bibi mzee anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji. Sisi tuliomo katika nchi ya Wasukuma hatuna haja ya kuambiwa kwamba tuhuma za namna hiyo zimewagharimu vikongwe uhai wao. Na swali hili ni kongwe kuliko sisi sote, maana hata wanafunzi wa Yesu, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohana, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kama mkosaji alikuwa yeye au wazazi wake. Wakajibiwa kwamba si yeye wala si wao.

Elimu ya damu inakubaliana na jibu hilo. Kila mtu hubeba nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza himoglobini, moja ya baba na moja ya mama, na katika kila mimba kila mzazi hutoa nakala moja tu, kama mtu anayechota punje moja gizani katika kibuyu chenye punje mbili. Baba na mama wote wawili wakiwa na punje moja njema na moja ya selimundu, basi katika kila mimba, na si katika mimba ya kwanza peke yake, kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, nafasi mbili awe mbebaji mwenye afya kama wazazi wake, na nafasi moja asiwe na chochote. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Nimemwona mwanamume akiyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameamini kwamba balaa lilitoka ukoo wa mkewe, akainamisha kichwa kwa muda mrefu, kisha akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mkewe na kumpakata yeye. Sikumwandikia dawa yoyote wakati huo, lakini nyumba ile ilikwisha kuanza kupona.

Na kuna jambo la pili ambalo kila mbebaji anastahili kulijua. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alitangaza ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya selimundu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huu umekithiri katika nchi zilizotawaliwa na mbu tangu kale. Babu zetu waliokuwa nao waliokoka homa zilizowaua watoto wenzao, wakakua, wakaoa, wakatuzaa. Basi ile ambayo jirani anaiita laana ilikuwa ngao ya vizazi vingi, na msiba wetu ni kwamba ngao mbili zikikutana kwa mtoto mmoja humwelemea. Wala yeye mwenyewe, ambaye damu yake tayari ni chache, hakingwi na malaria, bali malaria humuua upesi kuliko wengine.

Sasa imani iingie wapi? Wako wanaoihofia sayansi kuwa inamwondoa Mungu nyumbani, na wako wanaotaka sala ishindane na vidonge ili ionekane nani mkubwa. Kwa hao wa pili nina nasaha ya kitaalamu. Maumivu ya selimundu, kwa tabia yake, huja na kuondoka, na mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Kwa hiyo aliyefikiwa mwisho, awe ni nfumu, mwombezi, au muuza mitishamba wa mnadani, ndiye apewaye sifa, na wazazi wakishaambiwa kuwa mtoto amepona huacha dawa. Maumivu yakirudi, wanapata hasara mbili: mtoto yuko hatarini, na wao wenyewe wanaambiwa, au wanajiambia, kwamba imani yao ilikuwa pungufu. Huo ni mzigo usio wa haki, maana umejengwa juu ya kutojua mwendo wa maradhi. Kutawakali, kama walivyotufundisha masheikh wetu, hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga ngamia wake. Na Biblia ya Wakatoliki inacho kitabu cha Yoshua bin Sira kinachoamuru tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Dua inayolingana na ugonjwa wa maisha yote ni dua ya saburi na ya nguvu ya kesho, nayo haigombani na kidonge.

Vidonge hivyo navyo vinafaa kujulikana. Mtoto hupewa penisilini kila siku mpaka afikapo miaka mitano, kwa kuwa bandama yake huharibika mapema na kumwacha bila mlinzi dhidi ya vijidudu. Hupewa foliki asidi ya kumsaidia kutengeneza damu. Hulala katika chandarua kila usiku. Hunywa maji mengi, na zaidi wakati wa jua kali la kuvuna pamba. Na hufunikwa asipigwe na baridi. Iko pia haidroksiurea, ambayo huirudisha kwa kiasi himoglobini ile ya utotoni; utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotangazwa kati ya 2018 na 2019, ulionesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Lakini mtoto akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida, viganja vikawa vyeupe, tumbo likavimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo hakuna kusubiri mapambazuko: ni kwenda kituo cha afya, na ikibidi Hospitali ya Wilaya ya Maswa, kisha Bugando.

Kwenda, hata hivyo, kuna gharama, na hapa ndipo imani inapodaiwa matendo. Mtoto chini ya miaka mitano ana msamaha wa malipo ya matibabu katika vituo vya serikali, lakini pikipiki haina msamaha, wala chakula cha anayemuuguza. Fedha nyingi ya mkulima wa Simiyu huja mara moja kwa mwaka, pamba inaponunuliwa, ilhali selimundu haisubiri msimu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya kazi yao katika mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976, na darsa za msikitini, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo sanduku la kila kimoja lina kufuli tatu, vyote hivi vinaweza kutenga fungu dogo la usafiri wa usiku. Na liko fungu lisilo la fedha: damu. Mwanamume mwenye afya, mwenye miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Kwaya yenye waimbaji 20 waliokubaliana kwa zamu ni hazina ambayo hospitali haiwezi kuinunua.

Wazuru nao wana adabu yao. Marafiki wa Ayubu, tunavyosimuliwa, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wema. Walikosea walipofungua vinywa kumweleza sababu za mateso yake. Basi ukienda kumzuru mama aliyeuguliwa, chota maji, wapikie ndugu wadogo wa mgonjwa ambao kwa wiki nzima hakuna aliyewauliza hali, mshike mtoto mama alale saa mbili, na ukikosa la kusema, keti. Baba naye asisahauliwe, kwani desturi humkataza kulia, na huzuni isiyopewa nafasi hutafuta njia katika pombe au ugomvi.

Tukifanya hayo, hatutakuwa tumeiondoa selimundu Lalago. Watoto wataendelea kuamka usiku wakilia, na mlango utaendelea kugongwa. Lakini katika nyumba iliyofundishwa, wakati mama anapomfunga mtoto mgongoni na taa inawashwa, neno lile la kale husikika tena, nani, na safari hii swali ni la zamu: nani leo ana pikipiki, na nani atabaki na wadogo.