Ukali au Ukakasi?

Mfasiri wa maelezo ya divai nyekundu ya Madiran, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hukabiliwa mapema na tatizo la istilahi. (Tumetumia divai kwa kuwa mvinyo, kwa wengi, ni pombe yoyote kali.) Divai hiyo, itengenezwayo hasa kwa zabibu ziitwazo Tannat, hukausha ulimi. Kuiita kali hakutoshi: ukali ni wa siki au wa gongo, na uchungu ni wa mwarobaini. Hisia hii ni ukakasi, ule ule wa bibo na wa ndizi mbichi.

Ukakasi huo huletwa na tanini za maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikamana na protini za mate, nayo mate yakapoteza utelezi. Ndiyo sababu wenyeji huinywa pamoja na bata aliyepikwa polepole na kuhifadhiwa katika mafuta yake mwenyewe. Unono wa nyama hiyo huutuliza ukakasi. Msomaji aliyeambiwa “ukali” ataongeza maji au sukari, wala hataelewa bata anahusikaje. Tanini libaki lilivyo, kwani ni jina la kemikali, si la hisia.