Maji Hupandaje Mtini?

Katika bonde moja kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro umesimama mkukusu, yaani Entandrophragma excelsum, wenye urefu wa meta 81.5. Vipimo vyake vilipotangazwa mwaka 2016, ulitajwa kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa barani Afrika. Kila jani la kilele chake lahitaji maji yatokayo udongoni, ilhali mti hauna moyo wala pampu. Basi maji hayo hupandaje?

Njia ya maji

Maji huingia mtini kwa osmosisi kupitia vinyweleo vya mizizi. Chumvichumvi za udongo, kama vile naitreti na potasiamu, huingizwa na seli za mizizi, mara nyingi kwa kutumia nishati. Kutoka hapo vyote hufika katika zailemu, yaani mirija myembamba iliyoungana tangu mizizini hadi majanini. Seli zilizoijenga mirija hiyo zimekwisha kufa. Zimebaki kuta zake ngumu, nazo ndizo tuziitazo mbao.

Nguvu inayoyapandisha

Mwaka 1727 Stephen Hales wa Uingereza alieleza jinsi kisiki cha mzabibu uliokatwa kinavyosukuma maji juu. Hata hivyo, msukumo wa mizizi kwa kawaida haufiki angahewa 2, yaani mara mbili ya kanieneo ya hewa usawa wa bahari. Maji pia hupanda yenyewe katika mirija myembamba. Lakini katika mrija wenye kipenyo cha milimeta 0.1 hupanda sentimeta 30 tu. Pampu ya kunyonya nayo haiwezi kuyainua zaidi ya meta 10.

Jibu lilitolewa mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly wa Dublin. Jua huyageuza maji ya majani kuwa mvuke, nao hutoka kupitia matundu madogo yaitwayo stomata. Kwa kuwa molekuli za maji hushikana kwa nguvu, zile zinazotoka huzivuta zilizo nyuma yake, na mvuto huo hufika hadi mizizini kama kamba inayovutwa kutoka juu. Katika mkukusu wetu, uzito wa maji pekee wahitaji mvuto wa angahewa 8 hivi, bila kuhesabu msuguano. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walionyesha kwa vipimo kwamba mvuto wa namna hiyo umo kweli ndani ya mimea.

Njia ya chakula

Sukari inayotengenezwa majanini husafiri katika floemu, ambayo ni seli hai zilizo upande wa ndani wa gome. Mwaka 1930 Ernst Münch wa Ujerumani alieleza kuwa sukari inapoingia katika floemu, maji huifuata kwa osmosisi, kanieneo huongezeka, na utomvu husukumwa hadi kwenye mizizi, matunda na machipukizi, ambako sukari hutumiwa.

Gome si vazi tu

Magome ya Prunus africana huvunwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES. Gome likichunwa kuzunguka shina lote hadi kwenye mbao, majani huendelea kuwa ya kijani kwa muda, kwani zailemu bado yapandisha maji. Mchunaji hudhani mti umepona. Kumbe mizizi haipati tena sukari. Humaliza akiba yake, hufa, na mti wote hufuata. Ndiyo maana mvunaji mwenye busara huacha sehemu kubwa ya gome bila kuiguza, ili njia ya chakula isikatike.

Jaribio la darasani

Kata bua changa la mchicha lenye majani, ukilikata ndani ya maji ili hewa isiingie katika mirija na kukata mfululizo wa maji. Lisimamishe katika maji yenye wino mwekundu, mahali penye mwanga na upepo. Baada ya saa chache likate mkato wa kukingama. Madoa mekundu utakayoyaona ndiyo zailemu. Rudia jaribio kwa bua lililoondolewa majani, kisha ulinganishe: ni lipi limepandisha wino juu zaidi, na kwa nini?