Utunzaji, Matengenezo na Ukarabati wa Nyumba za Kupangisha

Mikataba ya kupanga nyumba aghalabu huwa na sentensi hii fupi: "Matengenezo yatakuwa juu ya mpangaji." Aliyeiandika hudhani ameeleweka. Masika yakishaanza, bati likavuja na dari ikaoza, ndipo mwenye nyumba na mpangaji wake wagunduapo kwamba kila mmoja alikuwa na matengenezo yake kichwani.

Tuchukue nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma penye jiko na choo. Mwenyewe mara nyingi si tajiri: huenda ni mstaafu au mjane akaaye chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Bati za upande mmoja wa paa huweza kumaliza kodi ya miezi mingi. Kwake yeye, na kwa mpangaji vilevile, neno lililokosewa ni fedha iliyopotea.

Kazi zifanywazo katika nyumba hiyo ni za namna tatu. Ya kwanza hutangulia uharibifu: kuzibua mfereji, kufagia majani juu ya paa, kutia mafuta bawaba, kufuta njia za mchwa ukutani. Hii twapendekeza iitwe utunzaji. Ya pili hukirudisha kilichoharibika katika hali yake: kubadili kitasa, kuziba ufa, kugongomea bati lililoachia misumari. Hayo ndiyo matengenezo hasa. Ya tatu huifanya nyumba iliyochakaa, au sehemu yake kubwa, iwe kama mpya ama bora kuliko ilivyokuwa: kuezua makuti na kuezeka bati, kubomoa ukuta wa udongo na kujenga wa matofali ya saruji. Huo ni ukarabati. (Msomaji asiuchanganye na ukalafati, kazi ya fundi wa vyombo vya baharini azibaye nyufa za mbao kwa pamba; sauti zakaribiana, kazi ni mbali.)

Mpaka hauko wazi daima. Lipu iliyochanganywa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi hubanduka upesi. Fundi akiziba palipobanduka, hata mara tatu, amefanya matengenezo. Akiibandua yote na kupiga nyingine kwa mchanga wa mtoni, twauita ukarabati wa ukuta. Tuangaliapo ni hali ya kitu baada ya kazi. Gharama pekee yaweza kutupotosha.

Lipo pia suala la uchakavu na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua na sakafu iliyolika kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji hastahili kudaiwa. Kioo alichokivunja ni uharibifu. Wako wafasiri wapendao kuandika "kuchakaa na kuchanika"; maneno hayo yafaa nguo kuliko ukuta.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yamtaka mwenye kupangisha sehemu ya jengo adumishe paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na mahali patumiwapo na wote. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo. Kwa hiyo hakimu aweza kulipima neno la mkataba kama lilivyoandikwa, na hatakuwa na matini ya Kiingereza ya kumsaidia.

Usemi "matengenezo madogo madogo" nao twaushuku, kwani udogo wa kitu hutegemea nani alipaye. Afadhali vitu vitajwe. Sentensi ile ya mwanzo twaonelea iandikwe hivi: "Utunzaji wa chumba, na matengenezo ya kitasa, vioo na taa zake, vitakuwa juu ya mpangaji. Matengenezo ya paa, kuta na mifereji, pamoja na ukarabati wote, vitakuwa juu ya mpangishaji. Mpangaji hatadaiwa uchakavu wa kawaida."