Bima ya afya inunuliwe wakati wa mavuno, si wakati wa ugonjwa

WAKULIMA wa Mpanda wanajua vizuri miezi ambayo fedha huingia nyumbani. Mahindi na mpunga huvunwa mvua zikishakatika, na malipo ya tumbaku hufuata masoko ya vyama vya msingi katikati ya mwaka. Lakini ugonjwa haufuati kalenda hiyo.

Mama wa nyumba anaweza kuhitaji upasuaji mwezi Januari, wakati ghala limebaki na chakula cha watoto tu na fedha zimekwisha kwenye mbegu, mbolea na vibarua. Hapo ndipo kaya huuza mahindi yakiwa bado shambani, huuza ng'ombe kwa bei ya kutupwa au hukodisha shamba kwa mwenye fedha taslimu.

Hasara ya kwanza ni gharama ya hospitali. Ya pili, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi, huonekana msimu unaofuata. Mgonjwa hakulima, aliyemuuguza hakulima, na fedha ya pembejeo haipo. Kwa mchuuzi wa dagaa wa Karema au muuza nyanya wa sokoni Mpanda, kinacholiwa ni mtaji wenyewe. Mgonjwa anaweza kupona, lakini meza ya biashara ikabaki tupu.

Tangu mwaka 1993, Serikali ilipoanzisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, familia zimekuwa zikibeba mzigo huo. Tiba ya kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hutolewa bure, na sera imewasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo. Hata hivyo, dawa zikikosekana zahanati, hata aliyesamehewa hulazimika kwenda duka la dawa na fedha mkononi.

Somo la Igunga

Jibu la kwanza kwa watu wa vijijini lilijaribiwa jirani na Katavi. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora. Kaya ilichangia Sh5,000 kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001 na halmashauri nyingine zikafuata.

Bei ilikuwa ndogo, lakini wanachama walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wengine walilipa mara moja wasirudi tena. Walilalamikia ukosefu wa dawa na kadi isiyowafikisha mbali na kituo chao. Wengi walijiunga baada ya kuugua, na mfuko wa namna hiyo haudumu.

Bima ni kama kibubu cha kijiji kizima. Wazima wengi wakichangia, fedha ya kumtibu mgonjwa mmoja inapatikana kwa mchango mdogo. Wakichangia wagonjwa peke yao, kibubu kinakauka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), iliyomhudumia mtoto kwa Sh50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ikieleza kuwa wengi waliletwa wakiwa tayari wagonjwa na kwamba matibabu yalipita mbali michango.

Bei kwa magunia

CHF iliyoboreshwa ilienezwa nchini kuanzia mwaka 2018. Nje ya Dar es Salaam, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia Sh30,000 kwa mwaka, ikapata huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa upande wake, mpango wa Ushirika Afya wa NHIF, uliowalenga wanachama wa vyama vya ushirika, ulitoza Sh76,800 kwa mtu mzima na Sh50,400 kwa mtoto.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto wanne, na gunia la mahindi linalouzwa Sh50,000. Mchango wa CHF iliyoboreshwa ulikuwa chini ya gunia moja. Ushirika Afya ulifika Sh355,200, yaani zaidi ya magunia 7. Mwaka 2022, muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa ukijadiliwa, kiwango kilichotajwa kilikuwa Sh340,000 kwa kaya ya watu 6, na malalamiko yalikuwa makubwa.

Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023. Imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, utakaopata fedha kutoka vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi. Kwa mkulima wa Mwese au Inyonga, sheria hiyo itapimwa kwa mambo mawili: idadi ya magunia ya kulipia, na kama dawa zipo.

Umbali nao ni gharama

Idadi ya watu mkoani Katavi iliongezeka kutoka 564,604 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 1,152,958 mwaka 2022. Vituo vya afya vinahudumia watu maradufu.

Ugonjwa ukizidi uwezo wa hospitali ya mkoa, safari ni ya Mbeya au Bugando jijini Mwanza, na kwa saratani huenda ikawa Ocean Road, Dar es Salaam. CHF iliyoboreshwa iliishia hospitali ya mkoa. Aidha, nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza mgonjwa hubaki mfukoni mwa familia hata kama kadi inalipia matibabu. Kwa hiyo kadi haiondoi haja ya akiba ya nyumbani.

Kabla ya kulipa, mkulima aulize mambo manne katika ofisi ya kijiji au zahanati: kiwango cha sasa ni kiasi gani; nani katika kaya wanaingia; kadi inafika hospitali ya ngazi gani; na inaanza kutumika baada ya siku ngapi. Baada ya kujiunga, aanzie kituo cha karibu na apate barua ya rufaa, kwani anayeruka ngazi anaweza kudaiwa fedha taslimu.

Vyama vya msingi vinaweza kusaidia sana. Chama kinachokata deni la mbolea kwenye malipo ya tumbaku kinaweza pia, kwa ridhaa ya wanachama, kukata mchango wa bima siku hiyo hiyo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya wafanyabiashara wadogo vinaweza kufanya hivyo wakati wa kugawana faida.

Anayepanga matumizi ya mavuno huanza kwa kutenga mbegu ya msimu ujao. Mchango wa bima uwekwe kando ya mbegu hiyo, kabla fedha haijapata kazi nyingine.