Uchovu wa Korona na saa ya mwilini

Kafyu ya saa moja jioni iliyowekwa Bungoma na Trans Nzoia Juni 2021 ilikwisha zamani. Lakini wapo waliougua Korona siku zile ambao hadi leo uchovu haujawaacha. Shirika la Afya Duniani huiita Korona ya muda mrefu: dalili ambazo bado zipo miezi mitatu baada ya kuugua, kama vile uchovu, usahaulifu na usingizi wa mang'amung'amu.

Mchukue mchuuzi wa mboga wa Bungoma anayeamka saa kumi alfajiri. Ndani ya ubongo wake kuna seli chache zinazoongoza saa ya mwili, nazo hurekebishwa kila siku na mwanga wa asubuhi. Kuna watu ambao saa hiyo huchelewa kwa maumbile. Hao, hata bila Korona, husumbuliwa zaidi na usingizi mbaya na majonzi, hasa kazi inapowaamsha mapema. Korona ikiongezeka, mzigo huwa mara mbili. Basi msimwite mvivu!

Afanyeje? Aamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na apate mwanga wa jua asubuhi. Bawabu wa Kitale anayekesha naye alale mchana katika chumba chenye giza. Kazi nzito wasijilazimishe, kwani wengine huanguka kitandani kesho yake. Na kabla ya kuilaumu Korona, wapimwe upungufu wa damu, kisukari na kifua kikuu.