Bei ya kifimbo cha chapati: mkerezaji wa Kampala asisahau saa zake

KAMPALA – Mtu anayekereza mbao kwa kujifurahisha baada ya saa za kazi huwa hana haraka ya faida. Anatengeneza vifimbo vya kusukumia chapati, anawauzia majirani na ndugu, na fedha ya mbao ikirudi na kidogo juu anaona mambo yamekwenda vizuri.

Tatizo huanza siku mfanyabiashara anapotaka vifimbo 200 vya kuvusha Busia. Bei aliyoizoea fundi haina nafasi ya mtu wa pili, wala nauli, wala duka. Hapo biashara huvunjika kabla haijaanza, au fundi huikubali na kufanya kazi wiki tatu kwa hasara asiyoiona.

Wateja si haba. Kampala ni mji wa chapati, na rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, huuzwa karibu kila kona kuanzia Wandegeya hadi vitongojini. Mwaka 2016 chakula hicho kiliandaliwa tamasha lake la kwanza mjini humo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya na Tanzania, chapati ni chakula cha nyumbani na cha sikukuu. Swali ni nani anunue kifimbo kipi, na kwa bei gani.

Hesabu ya kifimbo kimoja

Tuchukue mfano wa kifimbo cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 40. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila fundi aweke zake.

Mbao pamoja na mabaki, Sh 3,000 za Uganda. Msasa na mafuta, Sh 800. Umeme na kuchakaa kwa patasi na mashine, Sh 700. Jumla ya vifaa ni Sh 4,500.

Wengi huishia hapo. Wakiuza kwa Sh 7,000 wanasema wamepata faida ya Sh 2,500. Lakini kukata, kukereza, kupiga msasa na kupaka mafuta kumechukua dakika 40. Kama saa moja ya fundi ina thamani ya Sh 6,000, kazi hiyo ni Sh 4,000. Gharama halisi ni Sh 8,500.

Bado kuna vinavyoharibika. Mbao ikificha ufa au patasi ikiteleza, kifimbo ni kuni. Kikiharibika kimoja katika kila 11, vizima kumi hubeba gharama yake na kila kimoja hufika Sh 9,350. Ongeza robo kwa ajili ya faida na kukuza mtaji: karibu Sh 11,700, au Sh 12,000 kwa hesabu nyepesi. Hiyo ndiyo bei ya jumla.

Oda ya 200 kwa bei ya jirani

Fundi akikubali oda ile kwa Sh 7,000, atapokea Sh 1,400,000. Ili apate vizima 200 atakereza 220, na vifaa vitakula Sh 990,000. Zinabaki Sh 410,000 kwa saa zipatazo 147, yaani zaidi ya siku 18 za saa nane nane. Kila saa imemlipa kiasi cha Sh 2,800, chini ya nusu ya thamani aliyoiweka mwenyewe.

Kwa mfanyabiashara, bei hiyo ya chini inavutia mara moja tu. Fundi akichoka, oda ya pili haitoki, na duka lililokwisha kuzoea bidhaa linabaki mikono mitupu.

Kwa Sh 12,000 mnyororo unasimama. Mchukuzi na vifungashio vikichukua Sh 1,500, mzigo unafika kwa Sh 13,500. Mfanyabiashara akiuza dukani kwa Sh 16,000, duka laweza kuuza kwa Sh 22,000. Jambo moja ni la lazima: fundi naye akiuza rejareja nyumbani kwake, asishuke mbali chini ya bei ya duka. Akiuza Sh 12,000 kwa kila mpita njia, anamuua mteja wake mkubwa.

Mbao gani, kwa mteja gani

Bei hiyo haiwezi kushindana na vifimbo vya kiwandani, na haifai kujaribu. Muuza rolex anataka kifimbo kilichonyooka, cha bei ndogo. Huyo akatiwe mkaratusi mkavu, bila mishikio wala nakshi, kazi ya dakika 15. Kifimbo cha Sh 12,000 ni cha duka la zawadi, mwoka keki na mwenye nyumba anayetaka kitu cha kudumu. Hao hununua uzito, umbo na kipimo walichoagiza.

Ndeeba, kwenye barabara ya Masaka, ndiko kwenye soko kubwa la mbao la Kampala. Musizi na paini ni nyepesi na hubonyea haraka. Mugavu ni mzito na hudumu. Muhimu zaidi ni ukavu: mbao mbichi iliyokerezwa Kampala itapinda au kupasuka ikifika mahali pakavu kama Juba, na hasara itakuwa ya aliyesafirisha. Mnunuzi akiviringishe kila kifimbo juu ya meza iliyo sawa kabla ya kulipa. Kilichopinda hujionyesha chenyewe. Akatae pia kilichopakwa vanishi. Mafuta yanayofaa kwa chombo cha chakula na nta ya nyuki vinatosha.

Mpakani

Kwa mizigo midogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara. Bidhaa za nchi wanachama zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Vifimbo 200 kwa Sh 12,000 ni Sh 2,400,000. Kwa kiwango cha Sh 3,600 kwa dola, hizo ni dola 667, ndani ya kikomo. Mfanyabiashara ahakikishe kwanza kwamba bidhaa yake imo katika orodha ya mpaka anaotumia. Cheti hakifuti kodi nyingine kama VAT.

Katika vitabu vya forodha, vifimbo viko chini ya namba 4419, vyombo vya mezani na jikoni vya mbao. Visiandikwe "mbao", kwani mbao ghafi zina vibali vyake. Risiti ya mbao itunzwe, maana baadhi ya mbao za Ndeeba hutoka Kongo na ofisa aweza kuuliza asili yake. Busia ina kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambapo ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande mtu anakoingia.

Mfanyabiashara mwenye busara atamwuliza fundi swali moja kabla ya kutaja bei: kifimbo kimoja kinakuchukua dakika ngapi? Fundi asiyeweza kujibu bado hajajua bei yake, na mzigo wake si wa kutegemea.